HTML au XHTML: Darasa Letu la Kompyuta Lifundishe Ipi?

Mazungumzo ya walimu wa darasa la kompyuta mbele ya wakazi na wageni, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani






Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema machache siku ya leo, na kwa kukubali maneno haya yachapwe katika toleo hili la kumbukumbu, ili na wale waliobaki kwenye foleni ya maji wapate kuyasoma jioni. Tumeombwa tusiwe warefu. Tutajitahidi.

Jambo lililotuleta mbele yenu ni swali ambalo limezusha maneno mengi darasani na hata majumbani mwenu. Swali lenyewe ni hili: kijana anayeanza kujifunza kutengeneza kurasa za tovuti, aanze na HTML au aanze na XHTML? Kwa mgeni linaweza kuonekana ni swali la watu wenye nafasi. Kwetu si hivyo. Darasa lina mashine nane. Jenereta huwaka kwa muda wa saa tatu kila alasiri, mafuta yakiwapo, na mashine moja hutumiwa na vijana watatu kwa zamu. Maana yake ni kwamba kila kijana hupata saa moja mbele ya kibodi kwa siku. Saa hiyo ikitumika kujifunza kitu kisichotakiwa, hatuna nyingine ya kumlipa.

Chanzo cha maneno ni sanduku la vitabu tulilopewa kama msaada. Ni vitabu vizuri, vina karatasi nzito na picha za rangi, vilichapwa kati ya mwaka 2001 na mwaka 2006, na vyote vinasema kwa sauti moja: HTML imepitwa na wakati, jifunzeni XHTML. Sisi walimu hatukuwa na vingine. Tukafundisha hivyo kwa mihula miwili, tukatunga na mtihani, na vyeti vya wahitimu tukaviandika neno XHTML kwa herufi kubwa. Kisha kijana mmoja aliyepita hapa darasani, ambaye sasa anasoma chuo nchi ya mbali, akawapigia simu wenzake akawaambia kwamba huko hakuna anayemwuliza habari za XHTML, wanasoma HTML. Habari ikazunguka kambi nzima kabla ya jua kuzama.

Mama mmoja alitufuata hadi mlangoni. Alisema: "Mwalimu, mwanangu aliacha kuuza vitumbua ili aje kwenu. Sasa naambiwa mnamfundisha lugha iliyokufa. Ni kweli?" Hatukuwa na jibu siku ile. Leo tunalo, na tunalitoa hadharani kwa sababu swali liliulizwa hadharani.

Jibu kwa ufupi ni hili: darasa litafundisha HTML. Lakini mama yule hakupotezewa mtoto wake muda, na vitabu vile havitatupwa. Hapo ndipo panapohitaji maelezo.

Kwa wazee wetu wasioingia darasani, tuseme kwanza ni vitu gani hivi. Ukurasa wa tovuti ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama. Alama hizo tunaziita tagi, nazo huiambia programu ya kusomea, yaani kivinjari: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni jedwali, hii ni picha. Aya huanza na <p> na huisha na </p>. Basi. Mtu anaweza kuandika ukurasa kwa programu ndogo kabisa ya kuandikia, akaufungua kwenye mashine hiyohiyo, bila intaneti na bila kulipa senti. Ndiyo maana tulichagua somo hili kwa kambi hii.

HTML na XHTML hutumia tagi zilezile. Tofauti yao iko katika ukali. XHTML imewekwa chini ya sheria za XML: kila tagi iliyofunguliwa ifungwe, herufi za tagi ziwe ndogo, kila sifa itiwe ndani ya alama za kunukuu, na tagi iliyofunguliwa mwisho ifungwe kwanza. Hata tagi isiyo na kitu ndani, kama ile ya kukata mstari, iandikwe 
 na si 
 tu. Ukikosea mahali pamoja, umekosea ukurasa wote. HTML kwa upande wake husamehe. Ukisahau kufunga aya, kivinjari huifunga chenyewe na kuendelea.

Ninyi nyote mnawajua makarani wa aina mbili. Yupo anayekuta herufi moja ya jina lako imekosewa kwenye kadi akakurudisha nyumbani na gunia tupu. Yupo pia anayekutazama usoni, akakisia jina, akakupitisha. Wengi wetu tutamsifu wa pili. Lakini wa pili akikisia vibaya, posho yako ameshampa mwingine, na hakuna aliyejua.

Hayo yametupata wenyewe, yote mawili.

Mwaka jana Kamati ilituomba tutengeneze ukurasa wa matangazo, uwekwe kwenye kompyuta iliyo dirishani mwa ofisi yake, watu wasome siku za mgao bila kusukumana mbele ya ubao. Kijana aliyepewa kazi alifuata kitabu sawasawa, akalipa faili jina linaloishia na xhtml, na kwa majuma mawili ukurasa ukafunguka vizuri. Juma la tatu likaja tangazo la haraka kwamba mgao umesogezwa siku moja mbele. Kwa kubana nafasi, kijana hakuandika "unga na maharage". Aliandika "unga & maharage", kwa ile alama ambayo wenye maduka huipenda katika vibao vyao. Katika XML alama hiyo hairuhusiwi kusimama peke yake; kwa kawaida huandikwa &amp;. Kivinjari kilipoikuta hakikuonyesha tangazo hata neno moja. Kilitoa bango la manjano lenye maandishi mekundu ya Kiingereza. Watu waliofika asubuhi walikuta bango hilo, na mwenye kosa alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Mzee mmoja aliuliza kama kompyuta imekasirika.

Tuliudhika. Tukasahihisha alama, na ili balaa lile lisirudi tukabadilisha jina la faili liishie na html. Tangu hapo kivinjari kiliusoma ukurasa kama HTML, kwa huruma, na hapakuwa na bango tena. Tukafurahi, na furaha ile ilitugharimu.

Mwezi uliofuata, katika jedwali la vijiji na siku zao, kijana mwingine alisahau kufunga alama ya kunukuu katika kisanduku cha jina la kijiji kimoja. Ni alama moja tu, ndogo kuliko punje ya mtama. Kivinjari kikadhani kwamba maneno yaliyofuata ni sehemu ya sifa ya kisanduku kile, kikalimeza jina la kijiji, kikaendelea kumeza mpaka kilipokuta alama nyingine ya kunukuu, kisha kikatulia na kuonyesha yaliyobaki. Hakikulalamika. Ukurasa ulipendeza machoni. Ila mstari mmoja wa jedwali ulikuwa na siku bila jina, na sisi tuliotazama haraka hatukuuona. Watu wa kijiji kile walitafuta jina lao, wakalikosa, wakadhani zamu yao bado. Kaya kadhaa zilifika siku ya pili, na ikalazimu Kamati iende kuziombea. Hatutataja kijiji. Wenyewe mpo hapa, nasi tunawaomba radhi tena mbele ya wageni.

Kosa lile lile, kama faili lingalikuwa bado XHTML, lingalikamatwa palepale mezani, kwa sababu XML hairuhusu alama ya kuanzia tagi ikae ndani ya sifa. Bango la manjano lingalitokea, tungaliaibika dakika tano, tukasahihisha. Kwa hiyo msitusikie tukisema HTML mkadhani tunasema ukali hauna faida. Tumeulipia.

Sasa turudi kwenye vitabu. Je, vilisema uongo? La hasha. Vilisema yaliyoaminiwa wakati vilipoandikwa. HTML ilizaliwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, ambako Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake mwaka 1989. Orodha ya kwanza ya tagi ikatoka mwaka 1991. Miaka ya 1990 ilikwenda mbio. Netscape na Microsoft walishindana kwa kuongeza tagi zao, na kila kivinjari kilijifunza kukisia makosa ya waandishi kwa namna yake, hata ukurasa mmoja ukaonekana hivi hapa na vile kule. Shirika la W3C, lililoanzishwa mwaka 1994, lilitafuta kuweka utaratibu. Likatoa XML Februari 1998, HTML 4.01 Desemba 1999, na Januari 2000 likatoa XHTML 1.0, ambayo ni tagi za HTML 4 zilizovishwa sheria za XML. Walitazamia kwamba kurasa zitasomwa na simu na vyombo vidogo visivyo na nguvu ya kukisia. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Mtu aliyeandika kitabu mwaka 2001 alikuwa na kila sababu ya kuiamini.

Kilichoiangusha ni jambo la kushangaza kidogo. Internet Explorer, kivinjari kilichotumiwa na watu wengi kupita vyote wakati ule, hakikuweza kuonyesha ukurasa uliotambulishwa na seva kuwa ni XHTML halisi. Kilitaka kuupakua kama faili la kuhifadhi. Uwezo huo kilikuja kuupata katika toleo la 9, mwaka 2011. Basi waandishi wakawa wanaandika XHTML, kisha wanaituma kwa jina la HTML, na vivinjari vinaisoma kama HTML iliyotiwa vistari vya ziada. Watu waliofundishwa ukali miaka mingi hawakuwahi kukutana na karani mkali hata siku moja. Walivaa sare tu. Vijana wetu, kwa kufungua faili lenye jina la xhtml hapa kambini, wamemwona karani huyo uso kwa uso kuliko wengi waliopata mshahara kwa kazi hiyo.

W3C ikaendelea na XHTML 2, ambayo rasimu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2002. Hii haikukubaliana na kurasa zilizokwisha andikwa. Mwandishi alitakiwa aanze upya. Juni 2004 watu wa Mozilla na Opera walikwenda katika mkutano wa W3C wakapendekeza kwamba HTML yenyewe iendelezwe, pasipo kuzitelekeza kurasa za zamani. Pendekezo halikupita. Siku chache baadaye wao pamoja na watu wa Apple wakaunda kundi lao, WHATWG. Tuliposoma habari hiyo darasani palikuwa na kelele nyingi, maana sisi hapa tunajua maana ya kuambiwa uache kila ulichojenga ukaanze upya.

Kundi lile ndilo lililoshinda. Julai 2009 W3C ilitangaza kwamba kazi ya XHTML 2 haitaongezewa muda mwaka ule ukiisha. HTML5 ikakamilishwa na W3C Oktoba 2014. Mwaka 2018 XHTML 1.0 ikawekwa katika fungu la viwango vilivyokwisha kupata mrithi, pamoja na HTML 4.01. Na Mei 2019 W3C na WHATWG zilikubaliana kwamba HTML iwe moja, itunzwe na WHATWG, irekebishwe siku zote bila kusubiri namba mpya. Jambo kubwa ndani ya HTML hii, ambalo vitabu vyetu havingeweza kulijua, ni kwamba hata namna ya kusamehe makosa imeandikwa. Vivinjari havikisii tena kila kimoja kivyake. Vinatakiwa kufuata kanuni moja ya kukisia. Malalamiko makubwa ya miaka ya 1990 yakapata dawa bila kumlazimisha mwandishi kuanza upya.

Hizo ndizo sababu zetu. Kijana atakayetoka hapa akaenda Kigoma mjini, au akarudi Baraka au Bujumbura, au akapelekwa Marekani, atakuta HTML. Akisema anajua XHTML tu, atachekwa, na hilo si kosa lake.

Sasa tumjibu mama. Mtoto wako, mama, amejifunza kichwa cha habari, aya, orodha, jedwali, kiungo na picha. Vyote hivyo vipo na vinatumika. Anayotakiwa kuyaacha ni machache. Mstari wa kwanza wa ukurasa wa XHTML ulikuwa mrefu na wenye anwani ndani yake, tena wa aina tatu, na wapo vijana waliomaliza kipindi kizima wakiunakili kutoka kitabuni. Siku hizi ni <!DOCTYPE html> na umekwisha. Kistari katika 
 anaweza kukiacha au kukibakiza, HTML haikijali. Ila kuna mtego mmoja, na hapa tunawasemesha vijana wenyewe. Katika XHTML mtu anaweza kufungua na kufunga kisanduku kitupu kwa <div />. Katika HTML kistari kile hakifungi kitu. Kisanduku kitabaki wazi, na yanayofuata yatatumbukia humo. Mbaya zaidi ni <script /> yenye kistari vilevile, maana ukurasa wote uliobaki humezwa usionekane. Andikeni </div> na </script> kamili, siku zote.

Ukali tutaubakiza darasani, na tumepata njia ya kuubakiza bila intaneti. Kila kijana ataandika ukurasa wake kama HTML, lakini kwa adabu ya XHTML: herufi ndogo, kila tagi imefungwa, kila sifa ndani ya alama za kunukuu, na ile anwani ya xmlns katika tagi ya kwanza, ambayo tumeichora ubaoni kwa rangi. Kabla ya kuukabidhi atatengeneza nakala, ataipa jina linaloishia na xhtml, ataifungua. Ikitoka ya manjano, kosa lipo, na kivinjari kitamwambia ni mstari wa ngapi. Akimaliza kusahihisha, linalopelekwa dirishani pa Kamati ni faili la html. Karani mkali atakaa mezani petu, na mpole atakaa mbele ya watu. Tumejaribu utaratibu huu tangu lile jambo la kijiji kisichotajwa, na ile alama ya kunukuu imekamatwa mezani mara tatu.

Njia hii haikamati kila kitu. Ukiandika Jumanne badala ya Jumatano, hakuna kivinjari kitakachokuambia. Kwa hiyo tangazo la mgao litasomwa kwa sauti na watu wawili, mmoja wao akiwa wa kijiji kinachohusika.

Kuna mahali pengine XHTML ingali hai, na hatutaki vijana wa kundi la maktaba wavunjike moyo. Vitabu vya elektroniki vya aina ya EPUB, vile vinavyosomwa kwenye simu, kurasa zake za ndani ni XHTML hata leo. Wale wanaokusanya hadithi za wazee ili zitoke kwa namna hiyo, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi, wataendelea na ule ukali, maana kosa moja linaweza kuzuia sura nzima isifunguke. Na wasisahau kuitaja lugha ya kila sehemu, sw, fr au rn, ili programu inayomsomea mtu asiyeona isitamke Kirundi kana kwamba ni Kifaransa.

Kwa wageni wetu wa mashirika tuna maneno mawili. La kwanza ni shukrani kwa sanduku lile. Bila hilo tusingekuwa na darasa, na sura zake kuhusu majedwali na viungo bado tunazifundisha. La pili ni ombi. Kabla ya kutuma vitabu vya kompyuta, tuulizeni, na mtazame mwaka wa kuchapwa kabla ya kutazama uzito wa sanduku. Nakala moja ya maelezo ya HTML ya siku hizi, inayosomeka bila intaneti, ikiwa kwenye diski ndogo inayoingia mfukoni, itatufaa kuliko masanduku matatu. Na nusu saa ya ziada ya jenereta ingempa kila kijana dakika kumi za kuhakiki kazi yake.

Mwisho, habari za vyeti. Wahitimu wa mihula miwili iliyopita wana vyeti vilivyoandikwa XHTML. Kamati imekubali tuviandike upya, visomeke HTML, bila mtihani mwingine, isipokuwa zoezi moja la kuandika jedwali na kulihakiki kwa njia tuliyoieleza. Mwenye cheti cha zamani akilete Jumatatu saa nane mchana, kabla jenereta haijawashwa. Aliyekwisha ondoka kambini, ndugu yake anaweza kuleta jina lake, nasi tutaandika na kumhifadhia.